Kurudisha kabureta ya mashine ya boti baada ya kuisafisha: mwongozo kamili

Kufungua kabureta ni kazi ya dakika ishirini. Kazi yenyewe iko kwenye kuirudisha. Simama gatini hapa Amu, yaani Lamu, asubuhi yoyote, utayasikia maneno yale yale: "Mashine ilikuwa nzima, jana tumeisafisha, leo haishiki." Mashine hiyo haikuharibiwa na usafi. Iliharibiwa pale mkono ulipokuwa ukirudisha vitu mahali pake na akili imeshatangulia safari ya Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate.

Ninazungumzia mashine ndogo za mapigo mawili, hasa Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15 na 40 ambazo zimejaa kwenye boti zetu za faiba na kwenye mashua za uvuvi. Za kampuni nyingine hutofautiana kwa sura, lakini tabia ni moja. Vipimo vya mashine yako, kama kimo cha floti na mizunguko ya skrubu ya hewa, vimo kwenye kitabu chake. Kihifadhi kitabu hicho kwenye simu kabla hujashika bisibisi, maana ukishakuwa na mikono yenye petroli hutataka kuigusa simu.

Nachukulia kwamba umeshafungua, umeshaosha, na vitu viko mbele yako. Ila kuna mambo ya kufungua ambayo yasipofanywa vizuri hakuna kurudisha kutakakofaulu, kwa hiyo nitayagusa njiani.

Kabureta inafanya nini

Huwezi kurudisha kitu usichojua kazi yake, kwa hiyo nipe dakika moja. Pistoni ikivuta, hewa hupita kwenye koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati, na hewa ikipita pembamba huenda mbio na kupungua nguvu ya kukandamiza, ndipo mafuta yanapovutwa kutoka kwenye bakuli la chini. Mafuta hupita kwenye vijitundu vya shaba tunavyoviita jeti. Jeti ndogo hulisha mashine ikiwa inanguruma pole pole bila gia, na jeti kubwa hulisha ukishapeleka mkono mbele. Bakuli nalo halitakiwi kujaa kupita kiasi wala kukauka. Kazi hiyo ni ya floti na sindano yake: mafuta yakipanda, floti hupanda na kuisukuma sindano izibe mlango, mafuta yakishuka, floti hushuka na mlango hufunguka. Ni kama lile boya la tangi la maji juu ya nyumba, ila hapa kosa la milimita mbili linatosha kukulaza baharini.

Huku kwetu kabureta huziba kwa sababu mbili. Kusi likivuma, kuanzia Aprili kuelekea Septemba, boti nyingi ndogo hulala, na petroli iliyobaki kwenye bakuli huruka hewani kidogo kidogo ikaacha utomvu wa rangi ya asali. Sababu ya pili ni maji. Petroli ya visiwani hupita mtungi hadi mtungi kabla haijaingia tangini, na kila ikimiminwa hupata matone mawili matatu ya maji, mara nyingi ya chumvi. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, pale pale jeti kubwa inapovutia. Aluminiamu hutoa unga mweupe, na shaba hufanya kutu ya kijani.

Mahali pa kazi

Kivuli chenye upepo wa kupita. Usifanye kazi hii chumbani, na mbali na jiko, mkaa, sigara, hata jenereta ya jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kulifuata jiko lilipo. Vua kofia za plagi zote, na ile kamba nyekundu ya kuzimia itoe uiweke mfukoni, asije mtoto akavuta kamba ya kuwashia.

Chukua sinia pana lenye ukingo, ulitandike kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi. Ami yangu aliyenifundisha alikuwa akipanga vitu kwenye sinia kwa mstari, cha kwanza kufunguliwa kushoto kabisa, cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha anaanza kulia na kwenda kushoto. Hakuwahi kuuliza "hiki kilikuwa wapi?" Siku hizi tuna simu, piga picha kila unapofungua kitu, lakini panga sinia pia. Picha haikuonyeshi kilichokuwa nyuma ya kitu kingine.

Bisibisi iwe inakaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Skrubu za nyota za mashine za Kijapani zina umbo lake, na bisibisi ya nyota ya kawaida hupanda juu na kula kichwa. Kwa jeti, bisibisi bapa lazima ijaze mfereji wote, upana na unene. Shaba ni laini. Jeti ikiliwa mdomo, siku nyingine haitatoka.

Kagua kabla hujarudisha

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wamesugua, kitu kinang'aa, wanadhani kimekwisha. Kung'aa si kazi.

Inua kila jeti mbele ya mwanga wa mbingu, usilitazame jua lenyewe, uchungulie. Unatakiwa uone kitundu cha mviringo, safi, kama mwezi uliojaa. Ukiona kingo zina manyoya au mviringo umepinda, bado kuna utomvu. Usichokoe kwa waya wala kwa sindano ya kushonea. Kitundu cha jeti kimetobolewa kwa kipimo, na namba iliyogongwa ubavuni ndiyo ukubwa wake. Ukikikwangua kidogo tu, mashine itakunywa mafuta siku zake zote. Tumia unyuzi mmoja wa nailoni wa mshipi, ule mwembamba wa kuvulia vidagaa. Nailoni ni laini kuliko shaba, inasukuma uchafu na haili chuma. Ikikataa, loweka tena usiku kucha.

Njia zilizomo ndani ya mwili wa kabureta huwezi kuziona, ila unaweza kuzisikia. Pulizia kwa pampu ya baiskeli yenye mdomo mwembamba, ukiziba tundu moja kwa kidole na kusikiliza hewa inatokea wapi. Juu ya koo, karibu na kile kibao cha kufungua hewa, kuna vijitundu viwili vitatu vidogo kuliko ncha ya kalamu. Hivyo ndivyo vinavyoilisha mashine ikiwa imesimama bila gia. Hewa isipotoka kwenye vyote, usiendelee. Na ufumbe macho au uvae miwani, petroli iliyobaki ndani hutoka kwa kasi.

Tazama ncha ya sindano. Ukiona imechimbika duara, alama ya pete, hata kama ni ndogo ya kuhisiwa kwa ukucha tu, nunua nyingine. Haitaziba kamwe. Itikise floti sikioni. Ukisikia majimaji yanacheza ndani, imetoboka na imekunywa petroli, itazama badala ya kuelea.

Kuhusu mipira na gasketi nina neno. Gasketi ya bakuli ikiwa ya mpira na imelala kwenye petroli, huvimba. Utaijaribu kwenye mfereji wake nayo inazidi kwa nusu kidole. Watu wengi hapo huikata, au huibandika kwa gundi ya silikoni. Usifanye hata moja. Iache kivulini ikauke mpaka kesho yake, mara nyingi hurudi kipimo chake. Isiporudi, nunua mpya. Gundi ya silikoni huliwa na petroli, ikavunjika vipande vidogo kama ukoko, na vipande hivyo safari yake ni moja tu, kwenye jeti. Nimeshatoa silikoni kwenye jeti za watu zaidi ya nilivyotoa mchanga.

Sasa rudisha

Mikono iwe mikavu na safi. Paka tone la mafuta ya mashine ya mapigo mawili kwenye kila oringi, zile pete za mpira, na kwenye nyuzi za skrubu. Tone tu, la kupaka kwa ncha ya kidole.

Anza na mrija wa kati, ile shaba ndefu yenye vitobo ubavuni. Huingia kutoka chini na ncha yake huchomoza ndani ya koo. Kwenye kabureta nyingine una upande maalum, una mkato au pini ya kuuelekeza, kwa hiyo chungulia kooni uhakikishe umetokea sawa na kwenye picha yako. Kisha funga jeti kubwa chini yake.

Kila nyuzi ya shaba inayoingia kwenye aluminiamu, ianze hivi: iweke mahali pake, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, kwa vidole tu. Utasikia "tik" ndogo, nyuzi imeangukia mwanzo wake. Hapo sasa zungusha upande wa kufunga. Ikienda laini kwa vidole mizunguko miwili mitatu, iko sawa. Ikikaza mapema, imeingia upande, toa uanze upya. Kazi ya bisibisi ni kumalizia tu, robo ya mzunguko. Jeti haifungwi kwa nguvu ya bega.

Jeti ndogo inafuata, kwenye shimo lake la pembeni. Baadhi ya kabureta zina kizibo cha mpira juu ya shimo hilo. Kizibo hicho kinaonekana kama kitu cha bure, kimeshatupwa na wengi. Kazi yake ni kuilazimisha jeti ndogo ivute mafuta kupitia njia iliyopangiwa. Ukikisahau, mashine ya bila gia itakuwa na njaa au itabweka moshi, na utahangaika na skrubu ya hewa mchana kutwa bila kupata jibu.

Sindano na klipu yake

Hapa nakuomba utulie, maana ndipo nilipoumia mwenyewe.

Sindano huning'inia kwenye ulimi wa floti kwa klipu ya waya mwembamba, nyembamba kama unywele wa farasi, umbo lake kama kipini cha sikio. Unaivisha klipu kwenye shingo ya sindano, unaipitisha juu ya ulimi wa floti, kisha unavishusha vyote pamoja, sindano ikiingia kwenye kiti chake, ule mlango wa mafuta inaouziba. Halafu unapitisha pini ya floti na kuikaza kwa skrubu yake ndogo. Kazi ya klipu ni kuivuta sindano ishuke pamoja na floti. Bila klipu, sindano hutegemea uzito wake peke yake, na uzito huo ni wa punje ya mchele.

Mwaka wa kwanza nilipoaminiwa kurudisha kabureta peke yangu, klipu ilijificha chini ya mkunjo wa kitambaa. Sikuiona, na sikuhesabu vitu. Nilifunga kila kitu, mashine ikashika kwa mvuto wa pili, nikajisifu. Alasiri tukapakia abiria wa Pate, tukapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko baina ya Manda na bara ambao hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Katikati ya mkondo mashine ikafa. Nikagonga bakuli kwa mpini wa spana, ikawaka, tukaenda mita mia, ikafa. Nikagonga tena. Safari ya nne haikusikia. Sindano ilikuwa inanasa juu kwenye kiti chake na hakuna kitu cha kuivuta ishuke. Bakuli lilikuwa kavu.

Maji yakapwa. Faiba ikakaa kwenye tope, mikoko pande mbili, jua likatua. Tulikuwa na mama na mtoto wake mchanga. Mbu wa Mkanda hawasimuliki. Mama yule hakunena neno lolote la kunilaumu, alimfunika mtoto kwa leso zake zote mbili yeye akakaa vile vile, na mimi nikapepea kwa kipande cha boksi mpaka maji yaliporudi usiku na mashua moja ikatuvuta. Asubuhi yake nilitikisa kitambaa juu ya sinia na klipu ikaanguka, ting. Tangu siku hiyo huhesabu vitu wakati wa kufungua, naandika idadi kwa mkaa ubaoni, na wakati wa kurudisha nahesabu tena. Kikibaki kimoja kwenye sinia, nafungua upya.

Kimo cha floti

Pini ikishakaa, igeuze kabureta juu chini. Floti italala kwa uzito wake juu ya sindano. Usiikandamize kwa kidole, maana sindano nyingi zina springi ndogo kitakoni, ukikandamiza unapima uongo. Pima kutoka uso wa kabureta, pale gasketi inapokaa lakini bila gasketi, hadi kwenye floti, ulinganishe na kitabu. Ukiwa huna kitabu wakati huo, kwenye nyingi utaona mkono wa floti unalala sambamba na ule uso. Huo ni mwongozo wa dharura, usiufanye sheria.

Ikiwa ulimi wa floti ni wa chuma, unaweza kuupinda kidogo kwa pleyasi yenye ncha. Kidogo hapa maana yake unapinda, unapima, unapinda. Ulimi wa plastiki haupindwi, unavunjika. Kipimo kikikosea pale, kilichochakaa ni sindano au kiti chake.

Kisha kuna jaribio ambalo silikosi hata siku moja. Chukua kipande cha hozi mpya, safi, ukivishe kwenye mdomo wa kuingizia mafuta. Kabureta ikiwa juu chini, puliza pole kwa mdomo: hewa isipite kabisa. Sasa geuza isimame kama inavyokaa kwenye mashine, floti ining'inie: hewa ipite bila kizuizi. Geuza tena, izibe tena. Fanya mara tano. Ikivuja ukiwa umeigeuza juu chini, itafurika baharini. Isipopitisha ikiwa imesimama, utakuwa Mkanda kama mimi.

Bakuli na mfuniko wa juu

Weka gasketi ya bakuli kwenye mfereji wake, ipitishie kidole mzunguko mzima uhakikishe haijainuka popote. Shusha bakuli wima. Skrubu zote zishike kwanza kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba, hii halafu ile inayoikabili upande wa pili, kidogo kidogo kwa raundi mbili. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, bakuli hupinda na utaliona tone linatoka upande wa pili. Skrubu ya chini ya kumwagia mafuta irudishe pamoja na washa yake, ile pete bapa.

Mfuniko wa juu, kwa kabureta zilizo nao, hauna mengi. Gasketi yake ina matundu, na kila tundu lina mwenzake kwenye mwili. Ukiigeuza, itakaa vizuri kabisa na kuziba njia. Linganisha matundu kwa macho kabla hujafunga.

Skrubu ya hewa

Hii ndiyo ile skrubu yenye springi ubavuni. Kabla ya kuitoa ulitakiwa uifunge pole pole mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, uiandike. Kama uliandika, sasa ingiza na springi yake, funga kwa vidole viwili mpaka uhisi imegusa, simama hapo, kisha fungua ile idadi. Ukikaza baada ya kugusa, ncha yake hufanya pete na kiti chake hupasuka, na kiti hicho hakinunuliwi, ni mwili mzima wa kabureta.

Kama hukuhesabu, mashine nyingi ndogo huangukia baina ya mzunguko mmoja na miwili. Anzia mmoja na nusu, utamalizia kwa sikio mashine ikishawaka.

Kuipachika kwenye mashine

Baina ya kabureta na mashine kuna gasketi. Hapa usiwe na huruma ya kurudia ya zamani kama ina mpasuko au imekauka kama gome. Hewa ikipenya hapo inaingia bila mafuta. Kwa mashine ya mapigo mawili mafuta ya petroli ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni, kwa hiyo hewa ya wizi ni pistoni kukwama, na pistoni ikikwama umeaga mashine. Safisha nyuso zote mbili, usikwangue kwa kisu, tumia kipande cha plastiki ngumu. Nati mbili zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule.

Rudisha fimbo ya mkono wa mwendo na waya wa choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia mashine ikiwa baridi. Kabla hujawasha, mtu mmoja azungushe mkono mpaka mwisho, wewe chungulia kooni: kibao kifunguke chote, kilale sambamba na hewa. Mkono ukirudishwa, kibao kirudi chenyewe bila kusaidiwa. Kibao kinachonasa wazi ni hatari kuliko mashine isiyowaka, kwa sababu boti itakimbia na wewe unarudisha mkono. Choki nayo vuta uone inaziba, sukuma uone inafunguka yote.

Hozi ya mafuta ivae mpaka shingoni na klipu ikae nyuma ya uvimbe wa mdomo. Kisha shika lile puto la mpira la kusukumia mafuta, mshale wake uelekee mashine, ubinye mpaka ligumu. Ngoja dakika tano ukiwa na kitambaa kikavu. Pangusa chini ya bakuli, tazama. Kikiloa, usiwashe. Tafuta gasketi iliyoinuka au sindano isiyoziba.

Kwa mashine kubwa zenye kabureta tatu, kama Enduro ya farasi 75, usichanganye vitu vya kabureta moja na nyingine. Tumia masinia matatu. Namba za jeti zisomwe moja moja, maana za juu na za chini hazilazimiki kuwa sawa, na baada ya kuzirudisha vibao vyote vitatu vifunguke kwa pamoja. Kama hujawahi kuzilinganisha, mwite fundi aliyewahi, umtazame anavyofanya.

Kuwasha

Mashine isiwashwe kavu hata kwa kujaribu. Pampu ya maji ndani yake ina panka la mpira, na mpira huo ukizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Weka mguu wa mashine kwenye pipa lililojaa maji matamu mpaka juu ya mdomo wa kuvutia maji, gia iwe kati. Rudisha kofia za plagi na kamba nyekundu. Vuta choki, vuta kamba. Ikishika, rudisha choki taratibu na utazame nyuma: lazima ikojoe, yaani itoe mchirizi wa maji. Isipokojoa, zima hapo hapo.

Iache ipate joto. Kisha geuza skrubu ya hewa robo robo, ukingoja sekunde kumi kila mara, maana mashine huchelewa kujibu. Kwenye kabureta nyingine skrubu hiyo inaongoza hewa, kwenye nyingine mafuta, kwa hiyo usishike kanuni ya "kulia ni hivi". Fuata sauti. Ukienda upande mmoja itaanza kutetemeka na kukohoa. Upande wa pili mngurumo utazama na itatoa moshi mzito. Baina yake kuna mahali inapozunguka laini zaidi. Ukipapata, sogeza kidogo sana upande wa mafuta mengi. Baada ya hapo ndipo uguse skrubu ya mwendo, ile inayopanga kasi ya mashine ikiwa bila gia.

Ikiwaka kwa choki tu na kufa ukiirudisha, jeti ndogo au vile vijitundu vya koo bado vimeziba. Ikinguruma vizuri bila gia na kukata tamaa ukipeleka mkono, tazama jeti kubwa, na pia maji kwenye bakuli. Ikimwaga petroli kooni, ni sindano, kiti au floti. Plagi zikitoka nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Zikitoka nyeupe kama chokaa, simamisha mashine kabla haijajiua, kuna hewa ya wizi au njaa ya mafuta.

Petroli uliyooshea usiimwage majini. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko, itakufaa kuoshea tena ikishatulia, na uchafu uliobaki upeleke mbali na mikoko.

Safari ya kwanza iwe mbele ya gati, na maji yakiwa yanajaa. Beba makasia, nanga na kamba yake, plagi za akiba, na spana yake. Usimbebe abiria. Nenda pole dakika kumi, kisha nusu ya mwendo, kisha mkono wote kwa muda mfupi, urudi. Usijaribie mashine mpya kurudishwa kwenye mlango wa Shela na Ras Kitau wakati wa kusi. Mawimbi ya pale hayangoji mtu agonge bakuli.

Ukirudi, chomoa hozi ya mafuta na uiache mashine imalize yaliyomo kwenye bakuli mpaka ijizime, hasa kama haitatoka tena wiki hiyo. Fungua skrubu ya chini, yale matone ya mwisho yapokee kwenye kifuniko cha chupa na uyatazame juani. Ukiona tone la duara linateleza peke yake chini ya petroli, hayo ni maji, na kazi ya kesho ni kuosha tangi na kubadilisha chujio. Baada ya siku tatu za kazi rudi na bisibisi, ukaze tena nati mbili za kabureta na skrubu za bakuli, kwani gasketi mpya hukaa na kushuka, na zote utazikuta zimelegea kidogo.